Maili za Bure na Kodi ya Mnyonge

Tarehe mosi Mei mwaka 1981, siku ambayo wafanyakazi wa dunia walikuwa katika maandamano ya sikukuu yao, kampuni ya ndege ya American Airlines ya Marekani ilitangaza jambo ambalo wakati huo halikuwashtua wengi. Ilisema kwamba abiria atakayejiandikisha atahesabiwa maili zote alizosafiri katika ndege zake, na maili hizo zikifikia kiwango fulani atapewa tikiti bila kulipa. Mpango huo uliitwa AAdvantage. Siku chache baadaye kampuni ya United ikatangaza wa kwake, na kabla mwaka haujaisha Delta na TWA nazo zilikuwa zimefuata. Leo ni vigumu kulipata shirika kubwa la ndege duniani lisilokuwa na mpango wa namna hiyo.

Wapo wasomi, na miongoni mwao watumishi wa umma, wanaouona mpango huu kuwa ni hisani tu ya mfanyabiashara kwa mteja wake, sawa na muuza mchele anayeongeza konzi moja juu ya kibaba. Mtazamo huo ni wa makosa, na kwa mtumishi wa umma ni wa hatari. Muuza mchele huongeza konzi kwa yule yule aliyetoa fedha. Shirika la ndege humwongezea anayekaa kitini, hata kama fedha zimetoka katika mfuko wa mtu mwingine. Katika tofauti hiyo moja ndimo ilimofichwa siri yote ya maili za bure.

CHANZO CHAKE

Kabla ya mwaka 1978 nauli na njia za ndege nchini Marekani zilipangwa na bodi ya serikali. Tarehe 24 Oktoba mwaka huo Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoondoa udhibiti huo, na makampuni yakaachiwa yashindane katika soko huria. Yakashindana kweli. Makampuni mapya yakazaliwa, na nauli zikaanza kushuka katika njia nyingi. Abiria aliyetaka kwenda Dallas kutoka Chicago aliwekewa mbele yake ndege zinazofanana, zilizotoka katika viwanda vile vile, zenye viti vile vile na mwendo ule ule. Hakuwa na sababu ya kuchagua hii akaacha ile isipokuwa bei.

Kwa mwananchi hali hiyo ilikuwa neema. Kwa bepari ilikuwa msiba. Ubepari huusifu ushindani jukwaani na kuukimbia gizani, kwa kuwa ushindani wa haki hupunguza faida. Ilibidi itafutwe njia ya kumfanya abiria asiitazame bei tena. American Airlines ilikuwa na kompyuta kubwa ya kuhifadhi nafasi za abiria, iliyojulikana kwa jina la Sabre. Wataalamu wake wakapekua namba za simu zilizokuwa zikijirudia katika kumbukumbu hizo, na hivyo wakawajua wasafiri wa mara kwa mara ni akina nani. Wengi wa watu hao walikuwa maofisa na wachuuzi wa makampuni, wanaosafiri kwa fedha za mwajiri.

Hapo ndipo ujanja ulipokamilika. Mtu anayelipa kwa fedha yake huuliza bei mara tatu. Mtu anayelipiwa haulizi hata mara moja. Ukimpa huyu wa pili zawadi ya siri kidogo, atakuletea fedha za mwajiri wake mwaka baada ya mwaka, na hata kutetea uamuzi wake mbele ya mhasibu. Katika ofisi za umma, zawadi ya namna hiyo anayopewa mtu ili aamue jambo kwa fedha zisizo zake ina jina lake linalojulikana, ingawa katika biashara ya ndege imepewa jina la heshima.

KILEMBA CHA UKOKA

Mpango wa maili hauishii kwenye tikiti ya bure. Baada ya kumzoesha msafiri kukusanya, makampuni yalimwekea ngazi. Mwenye safari chache hupewa kadi ya fedha, mwenye nyingi kadi ya dhahabu, na juu ya hao wamo wengine wenye kadi za majina makubwa zaidi. Mwenye kadi huingia ndani ya ndege kabla ya wenzake, hubeba mizigo zaidi, na hukaribishwa katika ukumbi wa pekee wenye viti laini na vinywaji, huku abiria mwenye watoto wawili na vifurushi akingoja kwenye benchi. Wote hao watapanda ndege moja na kutua dakika moja. Lakini mmoja amevikwa kilemba cha ukoka, naye anaamini kuwa ni taji.

Kilemba hicho hukauka kila mwaka. Asiyefikisha kiwango kilichowekwa huvuliwa cheo na kurudishwa chini. Kwa hofu hiyo imezuka desturi ya ajabu katika nchi za kitajiri: ikaribiapo Desemba, wapo watu wanaonunua tikiti na kupanda ndege kwenda mahali wasipokuwa na shughuli, kisha wakageuza siku hiyo hiyo kurudi makwao, ili tu hesabu yao itimie. Mafuta yanateketezwa angani ili mtu asiteremshwe kutoka kadi ya dhahabu hadi ya fedha. Aliyefika hapo haitumii tena kadi. Kadi ndiyo inayomtumia.

Na mzani wenyewe hushikwa na muuzaji. Mwaka 2015 Delta na United ziliacha kuhesabu maili kwa umbali wa safari zao, zikaanza kuzihesabu kwa dola zilizolipwa. American ikafuata mwaka 2016. Mwaka huo huo wa 2015 Delta iliondoa jedwali lililomwonyesha msafiri ni maili ngapi zinazotakiwa kwa safari ipi, ikabaki yenyewe ikipanga kiwango kama ipendavyo. Neno maili likabaki jina tupu. Kinachohesabiwa ni matumizi. Na anayenunua tikiti ghali kwa safari fupi hupata zaidi kuliko anayenunua tikiti rahisi kwa safari ndefu. Msomaji aliangalie sana jambo hili, kwa maana maana yake ni kwamba zawadi ya mtu anayelipiwa hukua kadiri gharama ya anayemlipia inavyokua.

Mwalimu asiyepanda ndege asidhani kwamba darasa hili halimhusu. Mbegu ile ile imepandwa katika biashara nyingine. Kampuni ya simu ya Safaricom ya Kenya ilianza kutoa pointi zake za Bonga mwaka 2007, na mipango ya namna hiyo sasa imeenea katika simu na maduka ya Afrika Mashariki. Kila mahali somo ni lile lile: mnunuzi afundishwe kuhesabu alichozawadiwa, asahau kuhesabu alichotoa.

SARAFU ISIYO NA BENKI KUU

Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba maili ni gharama ya shirika la ndege. Ukweli ni kwamba zimekuwa bidhaa yake kubwa. Tangu miaka ya 1980 makampuni ya Marekani yamekuwa yakiziuzia benki maili, na benki huzigawa kwa watu wanaonunua vitu kwa kadi za mkopo. Mtu akinunua mkate au viatu kwa kadi hiyo, hupata maili bila kupanda ndege. Mwaka 2024 pekee kampuni ya kadi ya American Express iliilipa Delta dola bilioni 7.4 kwa ushirika wa namna hiyo.

Ugonjwa wa korona ulipozifunga njia za anga mwaka 2020, siri ilitoka hadharani. Ndege zilikuwa zimeegeshwa na abiria hawapo, lakini United iliuweka rehani mpango wake wa maili na kupata mabilioni ya dola. Mpango huo ulitajwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, kiasi kilichozidi sana thamani ya hisa zote za kampuni yenyewe sokoni wakati huo. Delta na American zikafanya hivyo hivyo kwa mipango yao. Kwa maneno mengine, utii wa wasafiri ulikuwa na bei kubwa kuliko ndege, wafanyakazi na njia zote kwa pamoja.

Nani analipa? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila kadi inapotumika dukani, mwenye duka hukatwa asilimia fulani ya mauzo. Naye hakubali hasara hiyo imkalie, bali huiingiza katika bei ya bidhaa zote. Mfagizi anayenunua sabuni kwa fedha taslimu hulipa bei ile ile anayolipa tajiri mwenye kadi, lakini tajiri hurudishiwa sehemu yake kwa njia ya maili, na mfagizi harudishiwi kitu. Hivyo safari ya mapumziko ya mwenye nacho huchangiwa na asiyenacho, senti kwa senti, bila ya yeye kujua. Hata serikali ya Marekani, ambayo haiwezi kushukiwa kwa ujamaa, ilishtuka: mwezi Septemba mwaka 2024 Wizara yake ya Uchukuzi iliyaamuru makampuni ya American, Delta, Southwest na United yatoe maelezo na kumbukumbu za mipango yao, ili ichunguzwe kama wateja hawadhulumiwi.

MSHAHARA WA PILI

Sasa na litazamwe jambo linalomgusa mtumishi wa umma moja kwa moja. Uchukuliwe mfano wa afisa anayetumwa kwenye mkutano ng'ambo. Shirika moja linataka dola 900, na jingine, ambalo afisa ana kadi yake, linataka dola 1,200. Muda wa safari unakaribiana. Afisa anatoa sababu zake, na idara inanunua tikiti ya dola 1,200. Ikiwa hupewa maili tano kwa kila dola, amepata maili 6,000. Na kila maili ikikadiriwa kuwa na thamani ya senti moja ya dola, amefaidi dola 60. Umma umepoteza dola 300. Dola 240 zilizobaki zimekwenda kwa kampuni. Mtu huyu ni sawa na mlinzi wa ghala aliyevunja ukuta mzima ili apate pishi moja ya mahindi, akawaachia wezi wa nje magunia.

Fedha hizo hazikuota mtini. Mwalimu wa shule ya msingi kijijini, ambaye huenda hatapanda ndege maisha yake yote, hukatwa kodi kabla hajaushika mshahara wake. Mkulima hulipa ushuru wa mazao, na mama lishe hulipa kodi ndani ya bei ya mafuta ya kupikia. Hao ndio walionunua tikiti. Kama kuna mtu anayestahili zawadi ya mnunuzi, ni hao.

Wenzetu wa Ulaya walikwisha kulipimana jambo hili hadharani. Katika Ujerumani, desturi ya Bunge ilikuwa kwamba maili zilizopatikana katika safari za kibunge zitumike kwa safari za kibunge. Mwezi Julai mwaka 2002 gazeti la Bild lilifichua kwamba baadhi ya wanasiasa walikuwa wamezitumia maili hizo, za mpango wa Lufthansa uitwao Miles & More, kwa safari zao binafsi. Miongoni mwao alikuwemo Gregor Gysi, mwanasiasa mashuhuri wa chama cha PDS na msimamizi wa mambo ya uchumi katika serikali ya jiji la Berlin. Gysi alijiuzulu wadhifa wake tarehe 31 Julai. Mtu aliyejijengea jina kwa kutetea usawa aliangushwa na tikiti za bure. Kwa kiongozi wa wafanyakazi, funzo hilo linatosha.

Marekani ilikwenda kinyume. Hadi mwisho wa mwaka 2001 maili zilizopatikana na watumishi wa serikali kuu katika safari za kikazi zilihesabiwa kuwa mali ya serikali. Sheria iliyotiwa sahihi mwezi Desemba mwaka huo iliwaruhusu wazichukue kuwa zao. Mojawapo ya hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba serikali isionekane bakhili kuliko makampuni binafsi. Hivyo, badala ya kuzuia tabia ya makampuni isiingie serikalini, serikali ilifungua mlango na kuitandikia mkeka.

Tanzania ina historia yake ya kuamulia jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, na sababu yake ilikuwa wazi kwa kila mtu: anayelishwa na mabwana wawili hawezi kumtumikia mmoja kwa moyo wote. Masharti yale ya uongozi yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, lakini hoja iliyokuwa ndani yake haikulegezwa na kikao chochote. Mtumishi anayelipwa na Hazina kwa kazi ya safari, kisha akalipwa na shirika la ndege kwa safari hiyo hiyo, amepokea malipo mara mbili. Kwamba malipo ya pili yametoka kwa jina la maili hakubadilishi kitu. Vile vile, mwezi Novemba mwaka 2015 Rais John Magufuli alipozizuia safari za nje zisizo na kibali, na kuwaondoa maafisa katika viti vya daraja la juu isipokuwa viongozi wa juu kabisa, alitoa kanuni iliyoeleweka hata na mtoto wa darasa la nne: safari ya serikali ni kazi, wala si tunu.

DAFTARI LA NG'AMBO

Jambo hili lina upande mwingine, nao ni wa kujitegemea. Shirika dogo la taifa changa haliwezi kushindana kwa maili na mashirika yenye ndege mamia na njia katika mabara yote, kwa kuwa thamani ya maili hutokana na wingi wa mahali zinapoweza kutumika. Norwei, nchi ya kibepari, ililiona hilo. Mwaka 2002 mamlaka yake ya ushindani iliikataza SAS kutoa pointi katika safari za ndani ya nchi, kwa sababu pointi hizo zilikuwa zinawafungia mlango washindani wapya. Mwezi Septemba mwaka huo huo kampuni changa ya Norwegian ikaanza safari zake za ndani kwa ndege za Boeing. Mwaka 2007 katazo hilo likayahusu mashirika yote, na halikuondolewa hadi mwaka 2013, ushindani ulipokuwa umeota mizizi.

Afrika Mashariki ilichukua njia nyingine. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya hisa za Shirika la Ndege la Kenya, na kwa miaka mingi baadaye wasafiri wa shirika hilo walihesabiwa maili zao katika mpango wa Flying Blue wa Air France na KLM. Daftari la wasafiri waaminifu wa Nairobi likawa linatunzwa Ulaya. Tanzania nayo ilianzisha shirika lake mwaka 1977 baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika, likadhoofika, na tangu mwaka 2016 serikali imelinunulia ndege mpya kwa fedha za wananchi. Mtumishi wa umma anayeipita ndege ya umma inayokwenda anakokwenda yeye, kwa nauli isiyozidi, akapanda ya wageni kwa sababu ya kadi iliyomo mfukoni, amemtoza mwananchi mara mbili: mara ya kwanza kwa kununua ndege, mara ya pili kwa kuiacha iruke na viti vitupu.

HOJA ZA WATETEZI

Watetezi wa maili wana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba maili haziigharimu serikali, na kwamba mtumishi asipozichukua zitapotea bure. Hoja hii ingekuwa na uzito kama maili zingetolewa baada ya uamuzi wa tikiti na bila kuuathiri. Lakini zilibuniwa kwa kusudi la kuuathiri. Hakuna bepari anayetumia mabilioni ya dola kununua kitu kisichofanya kazi.

Hoja ya pili ni kwamba msafiri hutaabika, hulala mbali na watoto wake, na anastahili kifuta jasho. Kifuta jasho hicho kipo, nacho ni posho, iliyopangwa kwa kanuni, hutolewa hadharani na hukaguliwa. Kama haitoshi, na idaiwe nyongeza yake kwa njia za halali, kama walimu wanavyodai stahili zao. Malipo yasiyoandikwa popote hayawezi kuwa haki ya mfanyakazi.

Hoja ya tatu ni kwamba shirika huandika maili kwa jina la mtu, wala si kwa jina la ofisi, na hivyo serikali haina la kufanya. Huu ni uvivu wa mawazo. Gari la serikali pia huendeshwa na dereva mwenye jina lake na leseni yake, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu hiyo gari ni la dereva.

YAPASAYO KUFANYWA

Tiba si ngumu. Kwanza, tikiti ya safari ya kikazi ichaguliwe na ofisi inayolipa, kwa kulinganisha bei na muda, na ulinganisho huo ubaki ndani ya jalada la safari pamoja na hati ya masurufu. Msafiri aeleze siku na saa anazotakiwa kufika. Jina la shirika lisiwe juu yake. Pili, mtumishi mwenye kadi ya maili aitaje namba yake kabla ya safari, na maili zote zilizotokana na fedha za umma zitumike kwa safari nyingine ya umma. Asiyetaka utaratibu huo asiitoe kadi yake anaposafiri kwa kodi ya wananchi. Tatu, wakaguzi wa hesabu wafundishwe kulitazama jambo hili wanapopekua majalada ya safari, kama wanavyotazama stakabadhi za mafuta. Kanuni hizo zilihusu shirika la umma sawasawa na mashirika ya nje, kwa kuwa mali ya umma haibadiliki rangi kwa kupita katika mkono wa ndugu.

Walimu nao wana sehemu yao. Hesabu ya dola 900 na dola 1,200 inaweza kuandikwa ubaoni katika shule yoyote ya sekondari, na mwanafunzi akaulizwa: nani ametoa, nani amepata, na nani hakuambiwa? Kijana aliyejifunza kuuliza maswali hayo matatu hatanaswa kwa urahisi na kadi ya dhahabu, awe abiria, mhasibu au katibu mkuu.

Mchovya asali hachovyi mara moja. Mtumishi aliyekwisha kuonja safari ya bure ataitafuta ya pili, na ili aipate itabidi zipatikane kwanza safari kumi za kulipiwa. Semina itapelekwa mbali pasipo haja, na mkutano ambao barua ingetosha utahudhuriwa na watu sita. Hasara hiyo haitaonekana katika kitabu chochote cha hesabu, kwa kuwa kila tikiti itakuwa na kibali na kila kibali kitakuwa na muhuri. Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma, pamoja na Hazina, hazina sababu ya kungoja kashfa kama ile ya Berlin ndipo waraka uandikwe.